Fremu ya Kutembelea ya Alumini: Tathmini ya Kifaa Kilichomsimamisha Mama Baada ya Kuvunjika Nyonga

Fremu ninayoitathmini hapa ni ile ya alumini inayokunjwa, yenye magurudumu mawili madogo mbele na mipira miwili nyuma, ambayo wauzaji wengi wa vifaa tiba Kariakoo huiita woka. Haina jina la kampuni inayojulikana; zinazofanana nayo zimejaa madukani, na tofauti kati ya moja na nyingine huwa ni rangi ya vishikio na shilingi elfu chache. Sisi tulilipa shilingi 95,000. Tuliinunua kwa ajili ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 76, aliyeteleza bafuni nyumbani kwetu Magomeni, akavunjika shingo ya fupa la paja la kulia, akafanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani akiwa hawezi kusimama bila kushikwa na watu wawili. Leo mama anatembea. Kwa mzee wa hali kama yake ningeinunua tena fremu hii bila kusita, lakini dukani tuliuziwa fremu tupu, na kilichomtembeza mama ni fremu hiyo pamoja na mtu aliyejua kuipima na kumfundisha kuitumia. Kwa hiyo tathmini hii itavizungumzia vyote viwili, kwa kuwa sioni namna ya kukisifu kimoja bila kingine.

Ni vema nianze kwa kueleza kilichokuwa kimempata mama, maana watu wengi huamini kwamba mzee aliyevunjika nyonga huacha kutembea kwa sababu ya mfupa. Mfupa wake ulikuwa umeshashughulikiwa. Madaktari waliondoa kichwa cha mfupa uliovunjika, wakaweka cha chuma, na kesho yake wakataka asimame kando ya kitanda, jambo ambalo sasa ndilo la kawaida baada ya upasuaji wa aina hiyo, kwa sababu mzee anayeachwa amelala hukaribisha damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, nimonia na vidonda vya kulalia. Alisimama hospitalini mara chache kwa maumivu. Tatizo lilianza nyumbani, ambako ndugu na majirani waliofika kumjulia hali walimsihi kwa upendo kabisa, mmoja baada ya mwingine, "Pumzika, mama, usijichoshe, mfupa bado mbichi." Mama naye alipumzika, na kila siku aliyopumzika mapaja yake yalizidi kunywea.

Kasi ya kunywea huko ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliojitolea kulala kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni, pamoja na sehemu ya nguvu za magoti yao. Hao walikuwa wazima, hawakuwa na jeraha, na walikuwa wakila vizuri. Mzee aliyetoka kwenye upasuaji, anayekula kidogo kwa sababu ya dawa na anayeogopa kuanguka tena, hupoteza zaidi ya hapo. Woga nao ni ugonjwa wake peke yake. Mama alikuwa akikaza mwili mzima kila tulipomwinua, akirudisha uzito nyuma, na hivyo kutufanya sisi tuliomshika tuone kama kwamba tunanyanyua mtu aliyezimia, wakati ukweli ni kwamba alikuwa akipigana nasi ili asisimame.

Fremu yenyewe ni nyepesi, haizidi kilo tatu, na mtu mmoja huikunja kwa kubonyeza vitufe viwili vilivyopo kwenye upau wa mbele. Upande wa kulia na wa kushoto hukunjwa kila mmoja kwa kitufe chake, na kila upande unapofunguka lazima usikie mlio wa kujifunga; usiposikia mlio huo, upande huo haujakaza na unaweza kujikunja mtu akiuegemea. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitufe vya fremu yetu vilikuwa vigumu wakati ikiwa mpya, na mara kadhaa tuliiona imesimama wima, inaonekana imefunguka, kumbe upande mmoja ulikuwa bado. Miguu minne ina mirija ya ndani yenye matundu, na kila tundu hupandisha au kushusha kimo kwa kiasi cha sentimita mbili na nusu. Vishikio vya fremu yetu ni vya mpira mgumu. Zipo za vishikio vya sponji, ambazo mkono huzipenda dukani, lakini kwa joto la Dar es Salaam sponji hunywa jasho, hunuka, kisha huanza kumeguka vipande, na ningemshauri mnunuzi aziache.

Suala la kimo ndilo lililonifanya niandike. Muuzaji wa duka tulilonunua, ambalo sitalitaja, alitoa fremu kwenye boksi, akaipangusa vumbi na kutukabidhi, bila kuuliza mtumiaji ni mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi, amevunjika au ana kiharusi. Ndani ya boksi palikuwa na karatasi moja ya maelezo, hakuna neno la Kiswahili ndani yake. Mama aliposimama nayo mara ya kwanza mabega yalipanda karibu na masikio, viwiko vikatoka nje, na baada ya hatua chache tu akalalamika kwamba shingo inauma kuliko nyonga. Kwa mwonekano fremu ilikuwa inamfaa, kwa sababu ilikuwa ndefu na ya kutia moyo, lakini mikono iliyopanda namna hiyo haiwezi kusukuma chini, na fremu isiyosukumwa chini haibebi uzito wa mtu.

Aliyeirekebisha ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kijana tuliyeelekezwa na kliniki ya hospitali na ambaye baada ya saa za kazi huwafuata wagonjwa majumbani kwa malipo ya shilingi 40,000 kwa kila ziara. Alipofika alimwamkia mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," kisha akaketi kwenye mkeka badala ya kiti, akazungumza naye kuhusu wajukuu na kuhusu safari yake ya mwisho ya Bagamoyo kabla ya kuugusa mguu. Ndipo akamwomba asimame huku sisi tumemshika, akiwa amevaa viatu anavyovitumia siku zote, mikono ikining'inia ubavuni. Akatazama mkunjo wa kifundo cha mkono, ule mstari ulio kati ya kiganja na mkono, akaishusha fremu matundu mawili mpaka vishikio vikawa sambamba na mstari huo. Mama aliposhika tena, viwiko vilikunjika kidogo tu na mabega yakashuka. "Sasa ndiyo fremu yako, mama," alimwambia. "Ile ya mwanzo ilikuwa ya mtu mwingine." Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote wala elimu ya chuo, na muuzaji yeyote wa vifaa tiba angeweza kukifanya kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kuandika risiti.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi halikuwa kutembea bali kuinuka. Mzee anayejifunza fremu hufanya kile ambacho akili ya kila mtu humwelekeza, yaani kuishika fremu kwa mikono miwili na kujivuta juu. Kwa kuwa fremu ni nyepesi na ina magurudumu mbele, humjia kifuani na kumrudisha kitini kwa kishindo, au humwangusha ubavu. "Usiivute fremu, mama. Kisukume kiti," ndiyo maneno tuliyoyasikia kila ziara mpaka wajukuu wakayashika na kuyaimba. Alifundishwa kusogea hadi ukingoni mwa kiti, kutanguliza mguu wa kulia mbele kidogo, kuurudisha wa kushoto karibu na kiti, kusukuma mikono ya kiti kwa viganja vyote viwili hadi makalio yanyanyuke, kusimama kwanza, kisha ndipo ahamishe mkono mmoja kwenye fremu na wa pili ufuate. Kuketi ni kinyume chake: arudi nyuma kwa hatua ndogo hadi nyuma ya magoti iguse kiti, aache fremu mkono mmoja mmoja, atafute mikono ya kiti, kisha ashuke polepole.

Mafunzo hayo yalitulazimisha kutazama viti vyetu upya. Makochi ya sebuleni, ambayo tuliyanunua kwa fahari, ni ya chini mno na yanadidimia. Mzee aliyewekewa kichwa cha nyonga cha chuma kama mama huelekezwa asiketi mahali ambapo magoti yanapanda juu kuliko nyonga, wala asichuchumae, kwa hofu ya kichwa hicho kuchomoka mahali pake. Viti vya plastiki vina kimo kizuri lakini ni vyepesi, hujipinda miguu mtu akisukuma mkono mmoja kuliko mwingine, na kwenye vigae huteleza. Kilichofaa kilikuwa kiti cha zamani cha mbao chenye mikono, tulichokiegemeza ukutani ili kisirudi nyuma. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo tulinunua kiti cha msalani cha chuma kinachowekwa juu ya shimo, na fundi akapigilia nondo ya kushikia ukutani. Gharama ya vitu hivi haiandikwi kwenye bei ya fremu, lakini anayenunua fremu aihesabu pamoja, kwa sababu fremu haina msaada wowote kwa mtu asiyeweza kunyanyuka mahali alipoketi. Sala mama aliendelea kuisali akiwa kwenye kiti hichohicho cha mbao, kama dini inavyomruhusu mgonjwa, na nadhani zile nyakati tano za kujiandaa na kusogea zilimsaidia kuliko ratiba yoyote ambayo tungempangia sisi.

Kutembea kwenyewe kulifuata mpangilio mmoja usiobadilika: fremu mbele, mguu mgonjwa, kisha mguu mzima. Fremu isisukumwe mbali, na mtu asiingie ndani yake hadi tumbo liguse upau wa mbele, kwa kuwa hapo hana tena kitu cha kumzuia kuanguka nyuma. Katika kugeuka asizungushe mwili juu ya mguu uliopasuliwa, bali azunguke kwa hatua ndogondogo pamoja na fremu. Magurudumu ya mbele yana faida kubwa hapa. Fremu isiyo na magurudumu hutulia zaidi, lakini humlazimisha mzee kuinyanyua kila hatua, na mtu aliyepoteza nguvu za mikono na anayeogopa kubaki bila cha kushika, hata kwa nukta moja, huchoka na kukata tamaa mapema. Ya magurudumu mawili humruhusu aende mfululizo, huku mipira ya nyuma ikifanya kazi ya breki kila anapoikandamiza. Zipo pia za magurudumu manne, zenye breki za mkono na kiti cha kupumzikia, nzuri kwa kuzitazama; hizo zinamfaa mzee anayetembea tayari ila anachoka njiani, si yule anayehitaji kuegemea kwa uzito wake wote, kwa sababu zinakimbia.

Sasa nizungumzie mazingira yetu, kwa maana fremu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya sakafu tambarare na njia za lami. Ndani ya nyumba yetu ilifanya kazi vizuri sana. Kwenye vigae vikavu iliteleza kwa ulaini na bila kelele. Kwenye vigae vilivyolowa ilikuwa hatari, na tulimkatalia mama kabisa kuingia nayo bafuni mpaka maji yamekaushwa kwa kitambaa. Vizingiti vya milango vilikuwa kikwazo cha kweli. Magurudumu ni madogo, hayazidi inchi tano, na kizingiti cha sentimita chache kinatosha kuyasimamisha ghafla wakati mwili wa mzee umeshaanza kwenda mbele. Fundi alitujengea mteremko mfupi wa zege kwenye mlango wa uani kwa mfuko mmoja wa saruji, na mkeka wa sebuleni tukaukunja na kuuweka mbali. Uani, ambako ni mchanga mtupu, magurudumu yanazama. Huko inabidi fremu inyanyuliwe kama isiyo na magurudumu, na jambo hilo lisifanyike mpaka mzee awe na nguvu za kutosha. Kwenye njia zilizotandikwa pevingi inapita, lakini hutetemeka na kuumiza vifundo vya mikono.

Mavazi nayo yanahusika. Kanga inayofika chini hukanyagwa na mguu wa nyuma wa fremu au kunasa kwenye gurudumu, kwa hiyo mama alijifunga juu zaidi, usawa wa nusu ya muundi, na dada akamshonea madira mafupi. Kandambili zilipigwa marufuku. Anavaa viatu vya ngozi vyenye mkanda wa nyuma, vilevile alivyovaa siku fremu ilipopimwa, kwa kuwa kubadilisha unene wa soli hubadilisha kimo. Mbele ya fremu tulifunga mfuko mwepesi wa kitenge wa kuwekea simu, tasbihi na tochi ya wakati umeme unapokatika. Mzigo mzito usiwekwe hapo, maana huivuta fremu mbele.

Kuhusu uimara, nina malalamiko. Mipira ya miguu ya nyuma ililika upesi mno kwa kusuguliwa na zege la kibarazani, na siku moja tuliona upande mmoja umetoboka na mrija wa alumini umeanza kugusa sakafu. Chuma kitupu juu ya vigae hakina breki yoyote. Duka lililotuuzia halikuwa na mipira ya akiba, na ilibidi tuzunguke na mpira wa zamani mkononi duka hadi duka mpaka tukapata unaoingia. Fremu inayouzwa bila mipira ya kubadilisha ni sawa na kuuza gari na kusema matairi hayapatikani, na wafanyabiashara wa vifaa tiba walitazame jambo hili kwa uzito, kwa sababu anayelipia uzembe huo ni mtu ambaye nyonga yake tayari imeshavunjika. Alumini yenyewe haikushika kutu hata kidogo licha ya hewa ya bahari, lakini skrubu na springi za vitufe ni za chuma cha kawaida, zilianza kutu, na tone la mafuta ya cherehani kila baada ya muda limezisaidia. Fremu ikivunjika isipelekwe kwa fundi wa kuchomelea mageti, kwa kuwa mashine zao za kawaida haziungi alumini. Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kubadilisha skrubu na ribiti, lakini mrija uliopasuka ni wa kutupa.

Jambo ambalo fremu haifanyi kabisa ni kurudisha nguvu. Inamruhusu mtu dhaifu asogee, na kusogea kuna faida yake, lakini mzee anaweza kuisukuma mwaka mzima na akabaki dhaifu vilevile ikiwa hakuna mazoezi yanayoipa misuli kazi ngumu zaidi ya ile iliyoizoea. Imani ya kwamba misuli ya mzee haijengeki tena ilishavunjwa zamani. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya Boston kwa watu 10 dhaifu, wenye umri wa takriban miaka 90, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee. Baada ya wiki nane za mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaachana na mikongojo waliyokuwa wakiitegemea. Mtaalamu wetu alimsimulia mama habari hiyo, na mama, ambaye ana umri mdogo kwa zaidi ya miaka kumi kuliko wale wazee, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi mimi bado msichana." Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumbembeleza sana.

Mazoezi hayakuhitaji mashine. Alinyanyuka na kuketi kwenye kiti cha mbao, mara chache mwanzoni, akiongeza kadiri alivyoweza, kwanza akisukuma kwa mikono yote miwili, baadaye mmoja. Alishika nondo za dirisha la sebuleni na kunyanyuka kwa visigino. Alipeleka mguu wa kulia pembeni na kuurudisha, zoezi dogo kwa macho ambalo lilimtoa jasho, kwa sababu misuli ya ubavu wa nyonga ndiyo inayozuia mwili usilale upande mtu anapobaki juu ya mguu mmoja, nayo ndiyo iliyopasuliwa na kunywea. Chakula kilibadilishwa pia: mayai, dagaa, maharage na maziwa viliongezwa, kwa kuwa misuli haijengwi kwa uji na chai ya rangi, vyakula ambavyo wagonjwa wetu wengi hupewa kwa nia njema.

Maendeleo yalipimwa kwa kipimo rahisi kilichoanzishwa mwaka 1991 na kinachotumika duniani kote: mtu aliyeketi husimama, hutembea mita tatu, hugeuka, hurudi na kuketi, huku muda ukihesabiwa. Mzee anayechukua sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Mama alianza kwa karibu dakika nzima. Bado hajashuka hadi 12, na nimeona niliseme hilo wazi ili asiyeona matokeo ya haraka kwa mzazi wake asidhani ameshindwa. Ameshuka kutoka pale alipokuwa hadi mahali ambapo anakwenda msalani usiku bila kumwamsha mtu.

Kuiacha fremu kulipangwa mapema. Mtaalamu alisema tangu mwanzo kwamba fremu ikikaa mno humfundisha mtu kutembea ameinama, akitazama sakafu, na kwamba mgongo ukishazoea hivyo ni kazi kuunyoosha. Alipoweza kuvuka sebule bila kuikandamiza sana, alipewa mkongojo wenye mpira chini, uliokatwa kwa kipimo kilekile cha mkunjo wa kifundo cha mkono. Mkongojo anaushika kwa mkono wa kushoto, upande usiovunjika. Wageni wengi humwambia aubadilishe, wakiamini kwamba fimbo iwe karibu na mguu unaouma, lakini fimbo ya upande wa pili ndiyo inayoipunguzia nyonga mgonjwa mzigo, kwa sababu inausaidia mwili usilalie upande wa pili pale mguu wa kushoto unaponyanyuka na uzito wote kubaki juu ya nyonga ya kulia. Kwenye ngazi mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka pamoja na mkongojo.

Fremu haijastaafu. Safari za nje bado anaitumia, na ikikunjwa inaingia vizuri kwenye bajaji, ikisimama kati ya magoti ya abiria wa pili. Daladala kwa mzee mwenye fremu haiwezekani, na sitamshauri mtu ajaribu. Ngazi ni ndefu na konda hasubiri. Mabasi ya mwendokasi yanastahili sifa kwa jambo moja: kituo kina mteremko badala ya ngazi, na sakafu ya basi iko karibu sawa na jukwaa, kwa hiyo saa ambazo hakuna msongamano mama ameweza kupanda Magomeni Mapipa kwa miguu yake, mimi nikiwa nyuma yake. Asubuhi na jioni hilo halifikiriki.

Si kila mzee anafaa kununuliwa fremu hii. Aliyepooza mkono mmoja kwa kiharusi hawezi kuisukuma sawasawa, na mkongojo wa miguu minne humfaa zaidi. Anayeanguka kwa sababu ya kizunguzungu anaposimama achunguzwe kwanza shinikizo la damu na dawa anazotumia. Aliyesahau mambo kiasi cha kutokumbuka mpangilio wa hatua atahitaji mtu wa kuwa naye kila wakati, fremu au bila fremu. Na aliyekatazwa na daktari wake kuweka uzito kwenye mguu afuate katazo hilo hadi liondolewe.

Kwa anayetaka kununua, ningemwomba ampeleke mzee apimwe kabla ya kulipa, au angalau apime umbali kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mzee akiwa amesimama na viatu vyake, kisha aende dukani na futi. Kwa Dar es Salaam, vitengo vya fiziotherapia vipo Muhimbili, MOI (taasisi ya mifupa iliyopo hapohapo Muhimbili), hospitali ya CCBRT ya Msasani, na hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, na hata asiyeweza kulipia mtu wa kuja nyumbani anaweza kufundishwa huko pamoja na mwanafamilia mmoja atakayeendelea kumsimamia. Dukani afungue fremu mwenyewe, asikilize milio yote miwili, aiegemee kwa uzito wake, aipindue na kukagua mipira ya nyuma, na asitoke bila jozi ya pili ya mipira hiyo. Kama duka halina, ni afadhali anunue fremu kwenye duka lenye mipira, hata kama bei yake imezidi kwa elfu kumi.